Mbwa wa Marekani ana orodha ya majaribio ya dawa, mgonjwa wa Kivu je?

Wakaaji wa Goma, Beni au Bukavu wakisikia kwamba huko Marekani mbwa mwenye kansa hutafutiwa nafasi katika jaribio la dawa, kuna wanaocheka na kuna wanaokasirika. Hasira hiyo ina sababu: kuna familia zilizokimbia vita ambazo hukosa hata dawa ya malaria. Lakini kumkasirikia mbwa hakumletei mtoto dawa. Afadhali kuangalia namna wenye mbwa hao wanavyopata habari, kisha kudai habari ya namna hiyo kwa ajili ya watu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma. Ni kansa ya chembe za damu zinazolinda mwili. Kwa mbwa, mara nyingi huonekana kwa matezi yaliyovimba shingoni, mbele ya bega au nyuma ya goti. Bila matibabu, wengi hufa katika mwezi mmoja au miwili. Wakipewa dawa kadhaa za kansa kwa pamoja, wengi hupata nafuu na kuishi karibu mwaka mmoja, kisha ugonjwa hurudi. Tena bei ya dawa hizo ni kali.

Hapo mwenye mbwa huanza kutafuta jaribio, na hahitaji kujuana na mkubwa yeyote. Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani, AVMA, kina orodha ya wazi kwenye intaneti. Mtu hutafuta kwa jina la ugonjwa, aina ya mnyama na mahali. Vyuo vikuu kama Colorado State na UC Davis navyo hutangaza majaribio yao. Tangazo linaeleza mbwa gani anakubaliwa, gharama gani inalipwa na jaribio, na gani inabaki kwa mwenye mbwa. Majaribio mengi hayampokei mbwa aliyekwisha kupewa prednisoni, kwa hiyo mwenye busara huuliza kabla ya dawa hiyo kuanza. Mwishoni anasaini karatasi ya kukubali, na bado ana haki ya kumtoa mbwa wake akibadili mawazo.

Hayo yote si huruma kwa mbwa tu. Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani inafanya majaribio pamoja na vyuo vya udaktari wa wanyama kwa sababu limfoma ya mbwa inafanana na ya watu. Hata dawa ni zile zile: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoni.

Ndugu wa ugonjwa huo yuko karibu nasi. Mwaka 1958, daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala nchini Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoshika watoto. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na unapatikana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, Kongo ikiwemo. Nao hutibiwa kwa siklofosfamidi na vinkristini. Ukigunduliwa mapema na dawa zisikatizwe, watoto wengi hupona. Ubaya ni kwamba vita hukatiza kila kitu: leo mtoto yuko hospitalini, kesho familia iko njiani.

Na asiseme mtu kwamba jaribio la maana haliwezekani Kivu. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Ebola waliingia katika jaribio lililoitwa PALM, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB alikuwa mmoja wa viongozi wake. Dawa nne zilipimwa. Kwa dawa mbili, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa mbili nyingine, mAb114 na REGN-EB3, karibu theluthi moja. Tena mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kivu ilifundisha dunia nzima.

Lakini wakati ule ule, Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na kutoaminiana kulikuwa kati yake. Habari ya kweli ikichelewa, uvumi hutangulia.

Orodha ya majaribio ya dawa kwa watu ipo. Ile ya Afrika, PACTR, inatunzwa Afrika Kusini, na kila mtu anaweza kuifungua. Ila imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Mama aliyekimbia Rutshuru hawezi kuitumia. Wizara ya afya na hospitali kubwa zinapaswa kuweka ukurasa mmoja wa Kiswahili ukutani, wenye majaribio yaliyo wazi katika jimbo, na kuufanya upya kila mwezi. Redio za jamii ziusome hewani, maana redio hufika hata pasipo na intaneti.

Familia nazo zisingoje. Mgonjwa wa kansa atembee na karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa alizopewa na tarehe zake, hata akihama. Akiombwa kuingia katika jaribio, aulize: Kuna dawa gani nyingine nje ya jaribio? Nani analipa vipimo na safari? Nikiumia, nani atanitibu? Nikikimbia vita, dawa itanifuata namna gani? Nikikataa, nitaendelea kutunzwa?

Mwenye mbwa wa Colorado hujibiwa maswali ya namna hiyo kabla hajasaini. Mama mwenye mtoto mgonjwa kambini asipewe kidogo kuliko hicho.