Ripoti ya ultrasaundi nayo ivuke mpaka

Katika vituo vya pamoja vya Namanga na Busia, karatasi za mzigo hupitiwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Ripoti ya ultrasaundi ya mama mjamzito haina bahati hiyo. Mfanyabiashara anaweza kupimwa upande mmoja, akajifungulia wa pili, na majibu yakabaki kwenye faili alikopimwa.

Hasara yake si ndogo. Kipimo hicho huonyesha figo za mtoto zilizotanuka kwa mkojo, hali inayoonekana katika ujauzito mmoja au miwili kati ya 100. Mara nyingi huisha yenyewe. Lakini mtoto wa kiume ambaye njia yake ya mkojo imeziba anaweza kupoteza figo akicheleweshwa.

Mkunga wa upande wa pili anahitaji namba, si maneno. Upana wa milimita 4 au zaidi kabla ya wiki ya 28, au 7 na kuendelea baada ya hapo, hufuatiliwa. Mtoto hupimwa tena angalau saa 48 baada ya kuzaliwa, kwani mapema zaidi mkojo ni mchache na picha inaweza kudanganya. Anayeshukiwa kuziba hasubiri.

Wizara za afya za Afrika Mashariki zikubaliane juu ya kadi moja ya kliniki. Kwa sasa, mama adai nakala yenye vipimo na tarehe, aiweke pamoja na hati yake ya kusafiria.