Kilimia Hakitaki Darubini Kubwa

Taja kupiga picha za nyota kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini, na jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya matajiri wenye darubini kubwa kama pipa, huko Ulaya na Marekani. Nalipinga jibu hilo, na shahidi wangu ni Kilimia.

Kilimia, kundi la nyota ambalo wahenga walilitazama kujua mvua na kiangazi, kimetanda kwa karibu digrii 2, sawa na miezi mipevu minne iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Darubini kubwa inayokuza sana itakuonyesha kipande chake tu. Ndogo yenye lenzi ya upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi wa milimita 400 hukimeza chote. Unatoa lenzi ya kamera, unaweka pete ya kuunganishia, na darubini yenyewe ndiyo inakuwa lenzi. Kamera ya mtumba yenye sensa ya upana wa milimita 22 itaona zaidi ya digrii 3 za anga.

Gharama ipo, sikatai, ila watu huitafuta pasipo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Kwa darubini hiyo ndogo, sekunde moja haiishi nyota ikaanza kuwa mstari. Kwa hiyo pesa itangulie kwenye stendi imara yenye mota ya kuifuata nyota. Stendi ikitulia, unapiga picha 100 za dakika moja moja, unazipanga pamoja kwa programu ya bure kama Siril, na zile chengachenga zinapungua hadi sehemu moja ya kumi.

Burat, hapa Isiolo nchini Kenya, ina ugumu wake. Isiolo haifiki hata nusu digrii kaskazini ya ikweta, basi Nyota ya Kaskazini, ambayo Wazungu huilenga kusawazisha stendi, hapa imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vumbi na vilima. Mhimili wa stendi lazima nao ulale karibu bapa, na stendi nyingi hazikuundwa kuinama hivyo. Itabidi uinue mguu mmoja kwa kipande cha ubao. Kisha unachagua nyota iliyo karibu na utosi. Ikiteleza kaskazini au kusini, unageuza mhimili kidogo, unatazama tena. Inataka subira.

Lakini tazama unachopata! Kundi la Orion linapita juu ya kichwa, mahali ambapo hewa ya kupenya ni kidogo kabisa. Kusini linachomoza Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ambayo mkazi wa London hawezi kuiona kamwe akiwa kwake. Na ukishaziacha taa za mji wa Isiolo, giza ni la bure.

Wanaosema anga si mambo yetu ndio wanaoniumiza zaidi. Waborana, ambao Isiolo ni kwao, wana wataalamu waitwao ayyantu, wanaohesabu miezi kwa kulinganisha mwezi na nyota au makundi 7 ya nyota. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse aliieleza kalenda hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1973. Mojawapo ya makundi hayo ni Busan, yaani Kilimia hiki hiki. Katikati ya Januari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kiko juu kabisa Burat, na betri ya gari inatosha kuendesha mota.