Koteksi inaweza kutengenezwa hapa kwetu, lakini pampas ni hesabu ingine

Katika soko la Kadutu kule Bukavu ao la Virunga kule Goma, pampas za watoto zinauzishwa hata moja moja. Mama ambaye hana franga za pakiti nzima anachukua moja ya usiku, mchana anarudilia vitambaa. Dola ikipanda ao barabara ikifungwa, ile moja nayo inapanda. Tangu mabanki yalifunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, kulipa mali ya inje kumekuwa kazi ngumu zaidi kwa wachuuzi. Njo maana swali linarudia kila siku: kwa nini hatutengenezi zetu sisi wenyewe?

Swali ni la maana, lakini linachanganya vitu viwili: koteksi ya wamama na pampas ya mtoto. Kwa macho vinafanana. Kinachovitenganisha zaidi ni kile kitambaa cha pembeni kinachovutika.

Kitambaa kisichofumwa

Kitambaa laini kinachogusa ngozi ya mtoto hakifumwi kama kitenge. Kiwandani wanachukua punje za plastiki inayoitwa polipropilini, inayotoka katika petroli na gesi. Wanaziyeyusha kwa moto wa zaidi ya digri 200, wanazisukuma kwenye matundu madogo sana, na zinatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele. Upepo unazivuta, zinalala juu ya mkanda unaotembea, kisha silinda za moto zinazibana zishikamane. Mita moja ya mraba inaweza kuwa na gramu 15 hivi tu.

Shida ni kwamba polipropilini hairudi. Ukivuta kitambaa hicho kwa nguvu, kinabaki kirefu ao kinapasuka. Lakini mtoto anapumua, anakula, anatambaa, na tumbo lake linabadilika. Pampas isipomfuata, mkojo unatoka kwenye mapaja.

Kwa hiyo viwanda vinaongeza lastiki, na njia ni mbili kubwa. Ya kwanza: wanavuta nyuzi za lastiki ao karatasi nyembamba ya lastiki, wanaigandisha kwenye kitambaa ikiwa bado imevutwa, kisha wanaiachilia. Kitambaa kinajikunja, njo ile mikunjo unayoona kwenye miguu. Ya pili: wanagandisha lastiki na kitambaa bila kuvuta, halafu wanapitisha vyote katikati ya silinda zenye meno. Meno yanakatakata nyuzi za plastiki kidogo kidogo, lastiki inabaki nzima. Kuanzia hapo, kitambaa kinavutika na kurudi.

Mama sokoni anaweza kujipimia mwenyewe. Avute pembe ya pampas, aachilie. Ikirudi haraka, lastiki iko hai. Ikibaki imelegea, hata bei iwe chini, atabadilisha mara nyingi na atalipa mara mbili.

Ugumu uko wapi

Mashini ya kutengeneza kitambaa hiki inauzishwa kwa mamilioni ya dola. Tena inataka moto wa umeme usiokatika: umeme ukiisha kazini, plastiki iliyoyeyuka inagandia kwenye matundu. Mtu yeyote anayekaa Bukavu, Goma ao Uvira anajua umeme wetu unavyokatika.

Njia rahisi kidogo ni kununua kitambaa tayari kwenye marola, kukata na kupanga hapa. Hiyo inaleta kazi kwa vijana, ni kweli. Lakini marola yatapita bandarini, barabarani na duane sawa na pampas za leo, na yatalipwa kwa dola. Jina « imetengenezwa Congo » peke yake halishushi bei.

Koteksi ni habari ingine. Inakaa ndani ya chupi, na chupi njo inaishika. Haiombi kitambaa kinachovutika. Ndiyo sababu majirani wetu wameweza. Uganda kuna Makapads, zilizobuniwa kwa mafunjo, na AFRIpads, za kitambaa cha kufua. Rwanda, shirika la SHE linatumia nyuzi za migomba katika wilaya ya Ngoma. Migomba hata Kivu iko tele. Kinachobaki ni usafi wa kazi, soko na usalama wa barabara. Na kwa zile za kufua, inafaa kukumbuka binti anayekaa kambini: bila maji, sabuni na fasi ya kuanika bila aibu, hazitamusaidia.

Kodi haitoshi

Wengine wanaomba serikali itoe kodi. Kenya ilitoa TVA kwenye taulo za kike mwaka 2004, Rwanda mwaka 2019. Tanzania iliitoa mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019, ikisema bei haikushuka kwa mnunuzi. Huku Congo TVA ya kawaida ni 16 kwa mia. Kuitoa ni msaada, lakini kama hakuna anayefuata bei sokoni, ile 16 inaweza kubakia mfukoni mwa mchuuzi.

Kisha kuna takataka. Polipropilini haiozi, tena inaelea juu ya maji. Wakaaji wa Bukavu wanajua plastiki za ziwa Kivu zinavyofika kwenye barrage ya Ruzizi na kuziba njia ya maji, mpaka umeme unakatika. Kiwanda cha pampas kitataka umeme wa barrage ileile ambayo takataka za plastiki zinaisumbua.

Kwa hiyo, siku mtu atakuja na ahadi ya kiwanda, wakaaji wamuulize mambo manne. Kitambaa kitatoka wapi? Umeme utatoka wapi? Bei itafuata dola ao hapana? Na zilizotumika zitatupwa wapi? Anayeanza na koteksi za migomba ana majibu karibu. Anayeanza na pampas, aonyeshe kwanza lastiki atainunua kwa nani.