Beki 'kisiki' wa Karagwe na Kyerwa anavyobanwa na sheria za soka la sasa

Siku ya Jumapili, mpenzi wa soka wa Kayanga au Nkwenda anaweza kuangalia mechi mbili. Ya kwanza ni saa kumi jioni, kwenye uwanja wa udongo mwekundu wenye migomba nyuma ya goli. Ya pili ni usiku, kwenye kibanda umiza, Ligi Kuu ya England ikiwa kwenye skrini.

Kwenye mechi ya jioni beki anamkimbiza winga, anateleza na miguu miwili, anaondoka na mpira na mtu kwa pamoja. Shangwe. Refa anapunga mikono mchezo uendelee, maana mpira umeguswa kwanza. Winga akiendelea kugaragara chini, hakosi mtu pembeni wa kumkumbusha kwamba mpira ni wa wanaume.

Kwenye mechi ya usiku tukio kama hilo linarudiwa polepole mara tatu. Kamera inaonyesha njumu zikitua juu ya kifundo cha mguu. Refa anaitwa kwenye runinga ya pembeni ya uwanja, anarudi, kadi nyekundu. Kibanda kizima kinalalamika: "Kagusa mpira kwanza!"

Hapo ndipo tatizo lilipo. "Kagusa mpira kwanza" si utetezi kwenye sheria za sasa, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Kwa kijana wa Karagwe au Kyerwa anayecheza beki na kuota kufika Ligi Kuu, huu si ubishi wa kibandani tu. Ni suala la ajira.

Yalianzia Italia

Kombe la Dunia la 1990 kule Italia lilikuwa na mabao 115 tu katika mechi 52. Ni wastani wa 2.21 kwa mechi, mdogo kuliko fainali nyingine zote. Timu ilikuwa inapata bao moja, inakaba, beki anamrudishia kipa, kipa anadaka, muda unakwenda.

IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, ikaamua kubana. Kuanzia 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Inaonekana kama sheria ya makipa, lakini iliwagusa mabeki kuliko mtu yeyote. Beki aliyezoea kubutua au kurudisha nyuma akatakiwa kujua kucheza mpira huku mshambuliaji yuko mgongoni mwake.

Miaka hiyohiyo, kumwangusha mpinzani anayekwenda peke yake golini kukawa nyekundu. Zamani beki alifanya hesabu haraka: bora faulo kuliko bao. Hesabu hiyo ikabadilika.

Kisha ikaja 1998, kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa. Sheria ikaandikwa wazi kwamba kumvamia mtu kutoka nyuma kwa namna inayohatarisha usalama wake ni mchezo mbaya wa hatari, na adhabu yake ni kutolewa. Watu wengi wakizungumzia sheria hiyo humtaja Marco van Basten wa AC Milan na Uholanzi. Vifundo vya miguu vilimwisha, akacheza mechi yake ya mwisho 1993 akiwa na miaka 28.

Mwaka 2005 maneno "kutoka nyuma" yakaondolewa. Ukiingia vibaya kwa mbele, kwa ubavuni au kwa nyuma, ni kosa lilelile. Sheria ya 12 sasa haianzi kwa kuuliza kama umegusa mpira. Inauliza umeingiaje. Umeingia kizembe, ni faulo tu. Umeingia bila kujali hatari kwa mwenzako, ni njano. Umetumia nguvu kupita kiasi, ni nyekundu, hata kama mpira umeupata.

Kiwiko, jezi na mikono mgongoni

Baada ya miguu, ikafuata sehemu nyingine ya mwili. Kwenye Kombe la Dunia la 2006 waamuzi waliambiwa wawe wakali kwa viwiko. Daniele De Rossi wa Italia alitolewa kwa kumpiga kiwiko Brian McBride wa Marekani. Mashindano yale yaliisha na kadi nyekundu 28, ambayo ni rekodi, nne kati ya hizo zikitoka kwenye mechi moja ya Ureno na Uholanzi.

Miaka 12 baadaye Urusi, VAR ikiwa imeingia, nyekundu zilikuwa nne tu mashindano mazima. Lakini penalti zikawa 29, wakati rekodi ya nyuma ilikuwa 18.

Namba hizo mbili zinaeleza mengi. Mabeki hawakugeuka malaika kwa miaka 12. Waliacha kupiga kwa sababu wanajua kamera inawaona, lakini mazoea ya kona, yaani kukumbatiana, kuvuta jezi na kumlalia mtu, bado yalikuwa mwilini. Zamani refa mmoja asingeweza kuona wachezaji 16 wanaosukumana kwa wakati mmoja. VAR inaweza.

Halafu kuna suala la kunawa. Tangu marekebisho ya 2019, mkono unaoufanya mwili uwe mkubwa isivyo kawaida unaadhibiwa hata kama beki hakukusudia. Ndiyo maana leo unaona mabeki wakizuia krosi huku mikono wameificha mgongoni. Jaribu kukimbia na kugeuka ukiwa hivyo. Mwili unapoteza mizani, na mshambuliaji mjanja anajua hilo.

Si kila badiliko limemkandamiza beki. Mwaka 2016 ilikubaliwa kwamba akicheza faulo ndani ya boksi huku akiugombea mpira kwa dhati, basi penalti na njano inatosha hata kama amezuia nafasi ya wazi ya bao. Na bega kwa bega bado ni halali, mradi mpira uko karibu na nguvu si za kupindukia. Wanaosema soka limekuwa mchezo wa kudekezana wanasahau hilo.

Kuna sheria nyingine haitajwi sana kwenye mjadala huu: wachezaji watano wa akiba, iliyoanza kwa muda 2020 wakati wa korona na kuwa ya kudumu 2022. Beki wa kati mara nyingi hucheza dakika zote 90. Winga anayeingia dakika ya 65 ana mapafu mapya. Beki aliyechoka huchelewa nusu hatua, na nusu hatua hiyo ndiyo inayogeuza kuugusa mpira kuwa kugusa kifundo.

Taifa Stars na Simba wamelipa

Watanzania hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Januari 17, 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, Taifa Stars walikuwa nyuma kwa bao moja tu dhidi ya Morocco. Dakika ya 70 Novatus Miroshi akapata njano ya pili. Ndani ya dakika kumi Morocco wakaongeza mawili, mechi ikaisha 3-0.

Mei 2025, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, uwanja wa Amaan, Zanzibar. Simba walihitaji kupindua 2-0 za RS Berkane, na walikuwa wanaongoza 1-0. Mapema kipindi cha pili Yusuph Kagoma akatolewa. Simba wakabaki kumi wakati ndio kwanza walikuwa wanahitaji watu wa kushambulia. Iliisha 1-1.

Hawa ni wachezaji wa daraja la juu, wanaofundishwa kila siku na makocha wa kulipwa, na bado wanagharamia timu kwa hatua moja iliyochelewa. Sasa fikiria aliyelelewa kwenye mpira ambao hatua hiyo haikuwahi kupigiwa filimbi.

Sheria moja, mpira wa aina mbili

Kwenye karatasi, sheria za uwanja wa shule Isingiro ni zilezile za Wembley. Kwenye uhalisia, sheria ya soka ina nguvu sawa na macho yanayoisimamia.

Mfano mzuri unahusu jina linalojulikana Kagera. Mwaka 2015, Juma Nyosso, wakati huo akiwa beki wa Mbeya City, alifungiwa na TFF miaka miwili kwa kitendo cha kumdhalilisha John Bocco wa Azam katikati ya mechi. Adhabu ilikuja baada ya picha za tukio kusambaa. Nyosso alitumikia adhabu yake, akarudi uwanjani na Kagera Sugar, klabu iliyokuwa tayari kumpa nafasi tena. Kama picha zisingekuwepo, inawezekana yangebaki kuwa maneno ya wachezaji wawili.

Mechi nyingi za Karagwe na Kyerwa hazina picha hizo. Kuna refa, washika vibendera wawili pale mashindano yanapojiweza, na mashabiki waliosimama hatua mbili kutoka kwenye mstari. Kama zawadi ni ng'ombe na timu mbili ni za kata jirani, refa anayetoa nyekundu dakika ya 20 anajua kabisa kwamba atapita katikati ya watu haohao akienda kuchukua bodaboda yake. Hakuna VAR ya kumlinda. Kuvumilia faulo inakuwa njia ya kufika nyumbani salama.

Uwanja wenyewe unachangia. Kwenye udongo mgumu wenye mashimo mpira unadunda ovyo, na beki anayesubiri kusoma mchezo anaweza kuachwa na mdundo mmoja. Kwa hiyo kijana anajifunza kufika mapema na kufika na mwili mzima. Kwa pale alipo, anafanya jambo la akili. Makocha wanamsifia, wanamwita kisiki, wanamkumbusha kwamba mpira unaweza kupita lakini mtu hapiti.

Gharama inabebwa na mwingine. Mchezaji wa timu ya kata hana bima ya klabu wala mshahara wa kusubiria akiwa kitandani. Ni dereva wa bodaboda, fundi, au kijana anayetegemewa shambani. Akivunjika mguu mwezi wa sita, msimu wa kuvuna kahawa unampita. Van Basten angalau alikuwa na madaktari wa Milan.

Mlango wa juu umezidi kuwa mwembamba

Kwa vijana wa wilaya hizi mbili, klabu ya karibu yenye jina ni Kagera Sugar, inayotumia uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga. Kaitaba ina nyasi bandia. Beki aliyezoea kuteleza kwenye udongo akifika pale anakuta mpira unakwenda kasi na mdundo wake unatabirika. Ile faida ya kuvamia mapema haipo tena, imebaki hatari ya kadi. Na mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja, kwa hiyo hata dirisha hilo la kuonekana Ligi Kuu likafungwa kwa mkoa mzima.

Wakati huohuo aina ya beki anayetafutwa imebadilika. Mtazame Dickson Job wa Yanga. Si mrefu, si wa kutisha kwa umbo, lakini anasimama sehemu sahihi kabla pasi haijapigwa, na akiupata mpira anajua wa kumpa. Mshambuliaji anapofika, kazi imeshaisha. Beki wa namna hiyo hana haja ya kuteleza mara tano kwa mechi.

Hicho ndicho kitu ambacho kijana wa Kyerwa hafundishwi kirahisi, kwa sababu uwanja wake haukizawadii. Ukisimama ukasubiri, shabiki anakuona mwoga. Ukivamia, unapigiwa makofi.

Kuna mambo yanayowezekana bila kamera wala fedha nyingi. Mashindano ya kata yanaweza kuanza kwa kikao kifupi cha refa na manahodha, akaeleza mapema kwamba miguu miwili ni nyekundu na mpira kuguswa kwanza hautamwokoa mtu. Waandaaji wanaweza kumhakikishia refa ulinzi wa kuondoka, kitu ambacho mara nyingi kinakumbukwa baada ya fujo. Na makocha wa shule, wale wanaoandaa timu za UMISSETA, ndio wanaompata beki akiwa bado na miaka 15, kabla mwili haujazoea.

Bila hivyo, beki huyo atafika kwenye majaribio ya klabu kubwa akiwa na sifa zote za nyumbani: nguvu, roho, na sauti ya kupanga wenzake. Kocha atamwangalia dakika 20. Mara ya kwanza atakapoteleza, filimbi italia, naye atanyanyuka haraka na kunyoosha kidole kuonyesha kwamba mpira ndio aliougusa kwanza.