Boti Haitaki Godoro

Anayenunua boti ya faiba iliyokwisha kutumika, awe Tanga, Mombasa au Mafia, hukagua mashine kwanza, kisha nyufa, kisha rangi. Sponji za viti huachiwa fundi wa makochi, naye hukata ile aliyonayo: sponji ya godoro. Hapo ndipo ukarabati mwingi unapoharibikia. Mwenye boti huuliza kama sponji ni laini na inauzwaje, lakini swali la kwanza lingekuwa itafanya nini ikishalowa. Maana italowa tu. Kama si wimbi ni mvua, kama si mvua ni nyavu zinazopandishwa zikichuruzika maji juu ya kiti.

Sponji ya godoro ni vitundu vilivyofunguliana, hewa ikitoka maji yanaingia. Chukua kiti cha urefu wa mita 2, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 10. Ujazo wake ni lita 100. Kwa sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, kiti hicho kikiwa kikavu hakifiki hata kilo 3. Kikizama maji na vitundu vyote vikajaa, kinaweza kumeza karibu kilo 100 za maji ya bahari. Hata tukikubali kwamba nusu itachuruzika, inayobaki ni sawa na kumpakia mtu mzima asiyevuta nyavu wala kukumba maji, na ambaye petroli yake unamlipia wewe. Tena uzito huo umekaa juu, si chini karibu na mkuku, kwa hiyo boti inapoteza utulivu wake wakati ule ule bahari imechafuka. Jua likiwaka maji hukauka, lakini chumvi hubaki ndani, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo sababu kiti kilichoonekana kikavu jioni hukutwa kina unyevu alfajiri. Plaiwudi iliyo chini yake huoza taratibu, skrubu zikashika kutu, na mwenye boti akalaumu mbao.

Lipo povu la aina nyingine, ambalo vitundu vyake vimezibwa kimoja kimoja. Watu wa pwani wanalijua bila kuliita jina: ndilo la kandambili. Kandambili iliyotupwa baharini huzunguka miezi mingi na bado huletwa ufukweni ikielea. Mikeka ya mazoezi na baadhi ya mapovu ya kufungashia mizigo ni ya jamaa hiyo. Kulitambua hakuhitaji maabara. Kata kipande kidogo, kibane mdomoni, upulize. Pumzi ikipita, hilo ni la godoro. Ukitaka uhakika zaidi, kipime, kizamishe kwenye ndoo usiku kucha kwa kukiwekea jiwe juu, kisha ukipime tena asubuhi. Ipo pia sponji iliyotengenezwa mahsusi kwa viti vya nje, yenye matundu makubwa mno hata maji yanapita moja kwa moja. Hiyo ni nzuri, mradi kitako cha kiti kitobolewe na kitambaa cha chini kiwe cha wavu. Ikiwekwa juu ya plaiwudi isiyo na tundu, faida yake yote imepotea.

Wapo watakaosema povu la kandambili ni gumu, na mgongo wa nahodha si wa chuma. Ni kweli, na boti ndogo ikipiga wimbi kiti kigumu kinaumiza. Dawa yake ni kuweka tabaka nene la povu lililozibwa chini, na juu yake tabaka jembamba la ile sponji inayopitisha maji. Wengine hutaka godoro lile lile lifungwe kwa nailoni ndani ya reksini. Hoja hii inavutia kwa sababu ni rahisi, lakini sindano ya fundi hutoboa kila hatua ya mshono, na nailoni inayozuia maji kuingia ndiyo hiyo hiyo inayoyazuia kutoka. Bei ndiyo hoja nzito. Povu lililozibwa ni ghali kuliko godoro, na mvuvi hana fedha ya kuchezea. Hapo ningeshauri kupunguza viti kabla ya kupunguza ubora: kiti kimoja cha anayeshika usukani kitengenezwe sawasawa, na wengine wakalie mbao tupu, kama wanavyokaa kwenye ngalawa.

Povu la chini ya sakafu ni jambo zito zaidi, kwa kuwa lile linashika uhai. Mwaka 1961 jarida la Life la Marekani lilichapisha picha za Dick Fisher, mtengenezaji wa boti za Boston Whaler, akiwa ndani ya boti yake inayokatwa vipande viwili kwa msumeno, na vipande vyote vikaelea. Kilichovibeba ni povu lililozibwa kati ya kuta mbili za faiba. Hata povu la namna hiyo, likiachwa miaka na matundu ya skrubu yasiyozibwa, hunywa maji, kwa hiyo boti nzee inayokaa chini majini kuliko ilivyozoea ifunuliwe sakafu kabla ya kupakwa rangi. Asije mtu akaziba pengo kwa lile povu jeupe la kufungia televisheni. Petroli hulila, na gundi ya faiba nayo hulila mbele ya macho ya fundi. Asiye na uwezo wa povu zuri afunge madumu matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, chini ya viti pande zote mbili. Kila dumu hubeba karibu kilo 20, huonekana likipasuka, na hubadilishwa kwa fedha kidogo. Ila lifungwe kwa mkanda imara kwenye mbavu za boti, si kwa kamba ya kuning'iniza, kwa sababu boti ikijaa maji dumu lililolegea huondoka peke yake.