Bwana Msa Mbele ya Kamera

Kila inapozuka fikira ya kuzigeuza riwaya za Bwana Msa kuwa filamu, hoja mbili hujitokeza, na zote mbili ni za kupotosha. Ya kwanza yadai kwamba filamu sharti ifuate msuko wa kitabu hatua kwa hatua, na imfiche muuaji hadi dakika za mwisho, kwani pasipo fumbo hapana upelelezi. Ya pili, inayojivika vazi la huruma, yataka Kiswahili cha Muhammed Said Abdulla kilainishwe kwa ajili ya watazamaji wa bara. Msomaji aliyezipitia riwaya hizo kwa makini hawezi kuikubali hata moja.

Hoja ya kwanza, kwa upande wa Kenya, haina asili yake katika sanaa ya filamu. Asili yake ni shuleni. Katika shule zilizo kandokando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale kupitia Lugulu, kama ilivyo katika sehemu nyingine za nchi, vikundi vya maigizo huzuru na kuonyesha vitabu teule vya fasihi. Kazi hiyo ina manufaa yake, wala haifai kubezwa. Lakini imeundwa kwa ajili ya mtihani. Kila tukio lazima litokee na kila mhusika lazima atambulishwe, ili mtahiniwa asije akakwama. Mwanafunzi hutoka ukumbini akijua nani alimtenda nani nini. Sauti ya msimulizi, ambayo ndiyo kitabu chenyewe, haikupanda jukwaani. Mazoea haya ya kukariri ndiyo yanayopewa jina la uaminifu, kisha yakafanywa kipimo cha kila filamu itokanayo na riwaya.

Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa 1960, haiwezi kupimwa kwa kipimo hicho. Ni kweli kwamba Bwana Ali bin Said anauawa na kwamba muuaji hajulikani. Ni kweli pia kwamba Bwana Msa na kiko chake ana udugu na Sherlock Holmes, na wahakiki wamelisema hilo hadi limechosha. Hata hivyo, msomaji anayeirudia riwaya hii kwa mara ya tatu anamjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza, na bado anaisoma kwa hamu. Anasoma nini? Anasoma mazungumzo. Anasoma pupa ya Najum ya kukata shauri kabla ya ushahidi, uzito wa Inspekta Seif mwenye serikali nyuma yake, na utulivu wa mtu ajuaye kwamba katika mji mdogo siri haimo katika alama za vidole bali katika nasaba: nani ni mtoto wa nani, na nani amenyamazishwa asiseme. Tangu riwaya hiyo hadi Kosa la Bwana Msa ya 1984, mchezo ni huo.

Nasaba haipigiki picha. Anayemficha muuaji hadi mwisho atalazimika kumsimamisha Bwana Msa barazani aeleze, kwa muda mrefu, undugu uliofichika, huku kamera ikisubiri. Tatizo hili lilimkuta Satyajit Ray huko Bengali. Mwaka 1967 alitengeneza Chiriyakhana, kutokana na kisa cha mpelelezi Byomkesh Bakshi wa Sharadindu Bandyopadhyay. Filamu hiyo inaishia katika maelezo marefu ya namna hiyohiyo, na Ray mwenyewe hakuiridhia. Alipoigeukia Sonar Kella, riwaya yake mwenyewe ya 1971 kuhusu mpelelezi Feluda, alitenda lile ambalo watetezi wa kukariri wangeliita usaliti. Katika filamu ya 1974 watazamaji wanawajua wahalifu mapema: wanamwona Daktari Hajra wa kweli akisukumwa mlimani na laghai akilitwaa jina lake. Kitabu kilikuwa kimeificha siri hiyo. Mshangao uliondoka, ikaingia taharuki, na pamoja nayo nafasi ya kumkaribisha Jatayu, yule mwandishi wa vitabu vya kusisimua anayechekesha bila kukusudia. Santosh Dutta alimwigiza kwa namna ambayo Ray, katika michoro ya vitabu vilivyofuata, alimchora Jatayu kwa sura ya mwigizaji huyo. Filamu iliyoasi kitabu ikarudi kukirutubisha.

Itajibiwa kwamba watazamaji wa Kolkata walikwisha kukisoma kitabu, ilhali kijana wa Lugulu huenda hajawahi kumsikia Bwana Msa, hivyo kwake siri ingali mbichi. Jibu hili lina nguvu kiasi. Ila mshangao ni mali ya usiku mmoja tu, na filamu isiyo na kingine haitazamwi mara mbili. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) kuwa filamu mwaka 2021, hakujaribu kuzibeba safari zote za Mombasa wala wahusika wote. Aliushika uhusiano wa Yasmin na Denge, akauacha uzungumze.

Hoja ya kulainisha lugha ni dharau iliyofunikwa kwa adabu. Ken Walibora alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, na katika Siku Njema (1996) alimtoa kijana Tanga akamleta hadi Kitale kumtafuta baba yake, kwa Kiswahili ambacho Mtanga hakioni ugeni. Nchi iliyomlea mwandishi huyo haihitaji kukatiwa vipande vidogo vidogo kama mtoto anayeota meno. Neno la Kiunguja lisiloeleweka mara moja hueleweka kwa uso wa anayelitamka. Hiyo ndiyo faida ya filamu juu ya maandishi, na ni ajabu kwamba wanaopenda filamu ndio wa kwanza kuitupa.

Basi mwongozaji na amwonyeshe muuaji mapema, hata kabla Najum hajavaa viatu. Kisha amwache Najum aketi na muuaji huyo barazani, anywe kahawa naye, na amweleze kwa uhakika kamili kwamba aliyetenda ni mtu mwingine kabisa, Bwana Msa akiwa kando, kiko mdomoni, hasemi neno.