Umeme wa Jua na Popo Wetu



Hapana mtu alijuaye jua kuliko mkulima wa karafuu. Sisi ndio tunaolitazamia asubuhi tukianika, na sisi ndio tunaokimbilia majamvi wingu likitanda. Basi khabari ya umeme wa jua si ya kututisha, na mimi naisifu. Tangu 2010 Pemba imeungwa na Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari; kuwa na umeme wetu wenyewe si jambo baya.

Ila sikubaliani na wasemao kuwa umeme huu haumdhuru kiumbe. Kule Ivanpah, katika jangwa la Mojave nchini Marekani, ulifunguliwa mwaka 2014 mtambo wa minara 3 na vioo zaidi ya 300,000. Mwaka 2011 sehemu ya ujenzi ilisimamishwa, maana kobe wa jangwani walionekana wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kisha ndege waliopita katika mwanga uliokusanywa na vioo wakaungua manyoya. Paneli tunazozijua sisi haziunguzi ndege namna ile, tusizisingizie. Dhara yake ni ardhi: pakifyekwa pote na kutiwa ua, aliyekuwa akiishi pale hana tena pa kukaa.

Wala kufyeka pote si lazima. Huko Minnesota walipanda maua ya asili chini ya paneli, na baina ya 2018 na 2022 nyuki wa asili waliongezeka mara 20.

Sisi tunaye popo wa Pemba, asiyepatikana popote pengine duniani. Mchana hulala juu ya miti mikubwa, kama pale Kidike. Usiku hula matunda na kutawanya mbegu. Miti hiyo ndiyo itakayoambiwa inatia kivuli paneli. Na nyaya nazo: mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 1 na nusu, na akigusa nyaya mbili kwa pamoja hufa papo hapo. India na Australia popo wa jamii yake hufa hivyo kila mara.

Rai yangu ni kuwa paneli ziwekwe kwanza juu ya mapaa ya maghala na maskuli. Atakayefuatwa akodishe shamba ambalo mikarafuu yake imekufa, asitie saini kabla ya kuuliza ni miti ipi itakayokatwa, nyaya zitapita wapi, na zitaachana kiasi gani. Na chama kiulize kwa niaba yetu sote, maana mkulima mmoja akiuliza aghlabu hajibiwi.